Kiti Kimoja cha Makoko

Harufu ya mafuta ya sangara yakipata moto kwenye beringi za magurudumu naijua hata nikifumba macho. Likizo ile ndefu ya darasa la sita, sisi watoto wa Makoko tulipaka mafuta hayo magari yetu ya mbao kwa sababu grisi hatukuwa nayo. Tulikuwa tumeona kwenye runinga magari ya mbio yenye kiti kimoja, tukaanzisha ubingwa wetu: timu yetu, ya binamu zetu wa Bunda na ya wale wa Butiama. Tulipopelekwa kusalimia ndugu, magari yalipakiwa juu ya basi. Usukani ulikuwa kamba, breki kisigino ndani ya katambuga ya tairi. Dereva wa Makoko nilikuwa mimi, Nyangeta, na kiti sikupewa kwa huruma. Nilishinda nyumbani, Bunda nikawa wa pili, na tulipofika Butiama kwa mbio za mwisho nilikuwa naongoza kwa pointi.

Wenyeji wetu ndiyo kwanza walikuwa wametoka jandoni. "Sisi saa hizi ni wanaume, hatushindanagi na wasichana," akasema Wambura, dereva wao. "Akitushinda tutachekwa mpaka tuzeeke." Wa Bunda nao wakamuunga mkono. Kaka yangu Magesa, kiongozi wetu, akaniinamia: "Nyangeta, mwachie Masatu kiti. Pointi zako zitabaki za timu." Hilo liliniuma kuliko maneno ya Wambura, maana Magesa ndiye aliyenifundisha kukata kona. Pointi nizitafute mimi, sifa avune Masatu, rafiki yake! Nikaizungusha kamba mkononi. "Sitoki. Anayetaka kiti aje anitoe." Hakuna aliyesogea. Binamu yetu Ghati, aliyeshika kitambaa cha kuanzia, akanitazama, kisha akakishusha. Nikajisukuma kwa mguu, nikaondoka peke yangu. Kona ya chini ilinichuna goti, lakini nilivuka mstari wa majivu nikiwa nimekaa wima. Makofi hayakuwapo. Nilitaka kulia, nikakataa.

Leo watoto wa Makoko wanaendesha magari ya mbio kwenye simu, bila vumbi wala vidonda. Magesa sasa ni mzee wa kanisa. Krismasi iliyopita alimwambia binti yangu kwamba msimu ule bingwa hakupatikana.

"Alipatikana, kaka," nikamkatiza. "Mlikataa tu kumpa mkono."

Binti yangu akauliza, "Mama, kwani uliwaacha mbali kiasi gani?"

"Muulize mjomba wako. Mimi nilipofika, wao walikuwa hawajaondoka."