Ramani ya Jiko

Kama kuna mtu aliyechukia kuchora kuliko wote waliokaa kwenye ule ukumbi nyuma ya zahanati, basi ni yule mmoja ambaye kazi yake maisha yote ilikuwa kuchora. Miaka thelathini na minne Mzee Rula alichora ramani katika ofisi ya ardhi: mipaka ya viwanja, barabara, mitaro, visima. Jina la Rula alipewa na wenzake kazini, likamganda hadi wajukuu wakadhani ndilo alilopewa na mama yake. Sasa leo, mtu mzima na mvi zake, anawekewa mezani papai moja na kikopo cha rangi za maji, halafu mwalimu, msichana wa umri wa mwanawe wa mwisho, anamwambia, "Mzee wangu, chora unavyohisi."

Unavyohisi! Yeye pale alihisi kitu kimoja tu, kwamba amechoshwa. Akatoa rula mfukoni, akalipima papai urefu na upana, akalichora kwa penseli, pembeni akaandika vipimo, na chini yake: Papai, kipimo moja kwa mbili.

Mwalimu alipofika mezani kwake aliinamia karatasi. "Zuri sana, mzee. Ila mbona lina namba?"

"Bila namba utajuaje ni papai kiasi gani?"

"Si lazima nijue, mzee."

"Basi na wewe huna haja na papai."

Wenzake wakaangua kicheko. Yeye hakuwa anatania hata kidogo.

Aliyempeleka pale ni binti yake mkubwa, mfamasia, mtu wa maneno machache ambaye akishakata kauli harudi nyuma. Mama watoto alikuwa amefariki miezi minane iliyopita, na tangu siku ya mazishi mzee hakukanyaga jikoni. Hakutangaza kwamba hataingia. Alifunga tu mlango, na akitaka maji aliyakinga bafuni. Chakula kilikuwa mkate wa dukani na chupa ya chai aliyoletewa na jirani kila asubuhi. Suruali zikaanza kumvuka, akaongeza matundu mawili kwenye mkanda kwa msumari. Daktari alimpima kila kinachopimika, akamwambia binti kwamba huyu hana ugonjwa wa kumeza vidonge. Mpeleke mahali akae na watu, mikono yake ipate shughuli. Ndipo kikapatikana hicho kikundi cha kuchora, kila Jumatano na Jumamosi, cha watu waliofiwa na waliotoka kuugua.

Na binti hakuishia hapo. "Baba, sitaki tugombane," alisema, na mtu akianza hivyo ujue ugomvi umeshaingia sebuleni na umevua viatu. "Nakupa mpaka Jumapili ya mwisho wa mwezi. Nikija nikakuta bado umelifunga jiko, unahamia kwangu. Nyumba tutaipangisha."

"Nyumba hii nimeichora mimi. Nikasimamia ujenzi mimi."

"Najua, baba. Na utafia humu humu na njaa. Mpaka Jumapili."

Hebu fikiria. Kwenda kukaa kwa mwanawe, kupangiwa saa ya kuoga, kuulizwa kama amekunywa dawa mbele ya wageni! Mzee alikasirika, na hasira zake hazikuwa na mpangilio. Alimkasirikia binti kwa kumpa amri kama mtoto wa shule. Alimkasirikia mwalimu na hisia zake. Alimkasirikia jirani, maana ile chai ilikuwa na sukari ya kutosha kumwamsha maiti. Lakini zaidi ya wote, na hili hakumwambia mtu, alimkasirikia mama watoto mwenyewe. Mwanamke gani anaondoka bila kusema chumvi iko wapi? Maisha yao yote waligombana kuhusu lile jiko. Yeye alitaka visu vikae na visu, vifuniko na vifuniko. Mkewe aliweka kisu juu ya mtungi wa maji, chumvi kwenye kopo la maziwa, vifuniko nyuma ya mlango, na ukimuuliza anakujibu, "Mimi najua vilipo." Haya, wewe unajua vilipo, na sasa uko wapi?

Kule kwenye kikundi alikaa meza moja na dereva mstaafu wa malori, bonge la mtu, brashi mkononi mwake kama kijiti cha meno. Wiki tatu mfululizo dereva alichora picha ile ile: mbele ndani ya lori, usukani, kioo, na kiti cha pembeni kitupu. Ilichorwa vibaya, tena vibaya sana. Mzee Rula alivumilia, akavumilia, Jumatano ya tatu uvumilivu ukamwishia.

"Ndugu yangu, usukani wako umekuwa yai."

"Naona."

"Na hiki kiti ni kikubwa kuliko mlango. Abiria wako aliingilia wapi?"

"Hakuwa abiria," dereva alisema, bila kuacha kupaka. "Ni mdogo wangu. Tulisafiri pamoja miaka kumi na tisa."

Mzee aliona aibu hadi masikio yakamchemka. Akageukia karatasi yake, lakini macho hayakutaka kukaa huko. Yalirudi kwenye kile kiti. Hapakuwa na mstari mmoja ulionyooka kwenye ile picha, na bado kipofu angejua kwamba pale alikaa mtu, akainuka. Jambo hili lilimuudhi kupita kiasi. Ramani zake yeye zilikuwa sahihi, watu walijengea nyumba, lakini hakumkumbuka mtu hata mmoja aliyewahi kutazama ramani yake akaguswa moyoni.

"Toka usukani mpaka kiti ni umbali gani?" aliuliza, mradi tu aulize kitu.

Dereva hakutazama picha. Alinyoosha mkono pembeni, akausimamisha hewani. "Hapa. Alikuwa ananipa maji bila mimi kutoa macho barabarani."

Mzee Rula akachukua penseli, akaandika pembezoni mwa karatasi: mkono mmoja. Hakuwahi kuandika kipimo cha namna hiyo tangu aanze kazi.

Aliporudi nyumbani alitoa ramani ya zamani ya nyumba kutoka juu ya kabati, akaikung'uta vumbi, akaitandaza. Vyumba vitatu, sebule, bafu. Na jikoni je? Kisanduku. Mita tatu kwa mbili na nusu, katikati neno moja: Jiko. Basi.

"Ndiyo hii tu?" aliuliza kwa sauti.

Mtu ameshinda humo miaka thelathini na moja, halafu anachorewa kisanduku! Karani yeyote ambaye angemletea kazi ya kivivu namna hii ofisini angerudishiwa karatasi yake usoni. Mzee akaamua kwamba ramani hii itachorwa upya, na itachorwa sawasawa. Ila kuchora sawasawa ni mpaka upime, na kupima ni mpaka uingie. Hapo akatoa tusi ambalo mama watoto asingelivumilia ndani ya nyumba.

Alhamisi asubuhi akashika tepu ya kupimia, akajiambia kwamba yuko kazini, amefika kwenye kiwanja cha watu, akafungua mlango. Harufu ya sabuni na vitunguu vilivyokauka ikamlaki. Hatua ya pili tu, paji la uso likagonga ule mlango wa kabati usiofunga, ule ule aliougonga kila alipoingia humu.

"Mama watoto!" alifoka, kama alivyozoea kufoka.

Akaketi kwenye kigoda kifupi cha mkewe karibu na jiko la gesi, akalia. Alilia kwa kwikwi kama mtoto, na kulia kwenyewe kukamuudhi, maana tepu ilikuwa imemponyoka na kujikunja yote.

Alipomaliza alitafuta kitu cha kufutia uso. Akanyoosha mkono wa kulia bila kutazama: kitambaa. Kando ya kitambaa, mtungi wa maji, juu yake kisu. Akanyoosha wa kushoto: kopo la maziwa. Akalifunua. Chumvi. Akanyoosha mguu, ukagusa mlango, vifuniko vikalia nyuma yake. Kila kitu kilikuwa umbali wa mkono mmoja kutoka kigodani. Kumbe haikuwa vurugu. Kumbe jiko lilikuwa na kitovu chake, na yeye miaka yote alikuwa akilitazama amesimama.

"Umenifanya mjinga," alimwambia mkewe, akiwa amekasirika kweli kweli, na papo hapo akashikwa na kicheko hadi akajishika mbavu.

Alichora siku tatu. Jumamosi hakwenda kwenye kikundi. Alianza na kigoda katikati ya karatasi, akapanga kila kitu kukizunguka, umbali kwa mikono na shubiri. Akachora mahali saruji ilipolainika kwa nyayo: kigodani hadi sinki, sinki hadi dirishani, dirishani hadi mlango wa sebule. Alikuwa akila mkate wake humo humo, amesahau kwamba humo haingii.

Ile njia ya mwisho ndiyo iliyompa shida. Kwa nini saruji imelika sana mlangoni? Akaitazama fremu. Mita moja na sentimita thelathini na moja kutoka chini, rangi ilikuwa imesuguliwa ikaisha, mbao imeng'aa kwa mafuta. Akadhani ni uchafu, akainuka kufuata sabuni. Kisha akasita, maana mchora ramani hafuti kitu ambacho hajakijua. Akakunja magoti mpaka bega lake likalingana na ile alama, akaegemea, akatazama mbele.

Aliiona sebule. Aliiona meza yake ya kazi dirishani. Na aliona kiti chake, mgongo wake umeelekea hapa.

Hakuhitaji kuelezwa. Mama watoto alikuja akifuta mikono, akaegemea hapa, akasema, "Baba watoto," na yeye, wino haujakauka na mstari uko nusu, akajibu, "Subiri." Leo, kesho, mwaka mzima, miaka yote ile. Aliposubiri akachoka akarudi kwenye sufuria zake, yeye hakujua, kwa sababu hakugeuka.

"Mpumbavu wewe," alisema, na safari hii hakuwa anamsema mtu mwingine.

Akaweka duara dogo kwenye ramani, pale mlangoni. Hakuliandikia kipimo.

Jumapili binti alifika na sanduku tupu na uso uliojiandaa kwa vita. Akakuta mlango wa jikoni wazi, moshi umetanda, na baba yake akikwangua sufuria ya wali.

"Baba, wali umeungua."

"Tulikubaliana kuingia. Kupika hatukukubaliana."

Binti alijaribu kukaza uso, ukamshinda. "Haya. Umeshinda, unabaki," alisema, akalisukuma sanduku kando kwa mguu. Ndipo akaiona ramani mezani. Akainama, akaifuata kwa kidole kutoka kigodani, polepole, akitaja vitu kimoja kimoja kwa sauti ndogo: kisu, chumvi, vifuniko. Akaona pia kidoti cha pilipili kavu ambacho mzee alikichora juu kabisa ya dirisha. Kidole kikafika kwenye duara.

"Na hapa?"

Mzee alimwambia. Hakujitetea. "Mama yako alikuwa anasimama hapo kuniongelesha, na mimi nimempa mgongo. Miaka thelathini na moja. Sikuwahi kugeuka, mwanangu."

Binti hakumfariji. Alikwenda mlangoni, akachuchumaa. "Njoo, baba. Vaa miwani."

Upande wa pili wa fremu, chini, usawa wa kiuno cha mtu mzima, rangi ilikuwa na mikwaruzo mifupi mifupi, mingi, imepangana. Mzee alikuwa amepima fremu ile toka juu hadi chini na hakuiona.

"Hii ni yangu," binti alisema. "Nilikuwa nakwaruza kwa kucha nikisubiri umalize mstari."

Mzee akaketi sakafuni. Akaigusa mikwaruzo kwa kidole gumba. "Ulitaka kuniambia nini?"

"Sikumbuki. Mambo ya mtoto."

"Basi niambie ya leo."

"Ya leo ni kwamba umeunguza wali."

"Hilo nimeliona. Niambie lingine."

Binti akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka kuinuka aondoke, lakini hakuinuka. Huyu ndiye aliyeosha mwili wa mama yake, akapokea wageni, akamtafutia baba daktari, akatafuta kikundi, akaja kila Jumapili na kurudi kazini Jumatatu, na kwa miezi minane mzee hakuwahi kumwona ameketi.

"Mimi pia nimefiwa, baba," alisema. "Hakuna aliyeniuliza."

Mzee akasogea ukutani, akapigapiga sakafu kwa kiganja kumwonyesha mahali, na binti yake akakaa.