Blanketi la Baba Hilda

Renatus Margwe aliiomba mwenyewe Mahakama Kuu imtangaze kuwa mufilisi. Alikuwa amekopa ili anunue trekta la kulimia watu ngano kule Basotu. Mvua zikakataa misimu miwili mfululizo, trekta likavunjika gia, na riba ikaendelea kukua. Siku amri ilipotoka alirudi jioni nyumbani kwake, kijijini Daudi, akavua kofia mlangoni, lakini hakuingia. Alizunguka nyuma ya nyumba, akatandika gunia kwenye kibanda cha majani ya ng'ombe, akalala huko.

Mkewe, Philomena, alidhani ni hasira za siku moja. Wiki ikapita. Renatus hakukamua. Bombani alisubiri wengine wachote waondoke. Jirani akimpa mkono, yeye alirudisha wake mfukoni. Ukija kuazima shoka, alikuwekea chini na kurudi nyuma, ndipo uokote.

Sisi wa umri wake tulielewa. Zamani hapa kwetu, nyumba iliyopatwa na balaa la aina fulani, kama kifo, ilijitenga. Watu wake hawakuingia kwa wengine wala kugusa mifugo yao, balaa lisije likahama. Wazee waliita metimani. Renatus, mtu wa ubatizo na kipaimara, alikuwa amejiweka metimani kwa sababu ya deni.

"Baba Hilda, mahakama imekuamuru ulale kwenye majani?" Philomena alimuuliza, sahani ya ugali mkononi.

"Haijaamuru."

"Sasa nani kaamuru?"

"Weka hapo chini. Mufilisi ni mtu aliyekatwa. Kila mtu anajua."

Kila mtu alijua kweli, na kila mmoja alijua lake. Kijiweni kwa bodaboda walisema atafungwa. Kilabuni walisema milango ya nyumba itang'olewa, na shamba ambalo Philomena alirithi kwa mama yake litauzwa. Mmoja akaongeza kwamba deni huwafuata watoto mpaka kwenye ndoa zao. Hilo ndilo lililomwingia Renatus, kwa kuwa binti yake Hilda alikuwa aolewe mwezi huohuo na kijana wa Endasak.

"Baba yako mdogo asimame badala yangu," alimwambia Hilda kupitia ukuta wa fito. "Nikikutoa mimi, utabeba deni hili mpaka kwa watu."

"Usiposimama wewe, baba, siolewi. Nitakuja kulala humohumo kwenye majani, tubanane."

Usiku ule Philomena alimsikia mumewe akikohoa kwa baridi mpaka kulipokucha.

Siku chache baadaye akaja Restituta, afisa aliyepewa kazi ya kusimamia mali za Renatus. Alishuka kwenye bodaboda, viatu vimejaa tope, akamkuta mwenye nyumba amesimama katikati ya shamba la maharage.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ishia hapohapo, mwanangu."

"Kuna mbwa?"

"Kuna mimi."

Philomena akamweleza. Restituta hakucheka. Aliketi kwenye kigoda, akaanza kazi kwa sauti kubwa ili imfikie yule wa kwenye maharage. Trekta litauzwa, hilo Renatus alilijua. Ng'ombe wake wawili wataandikwa. Na huyu wa tatu, mwenye madoa? Renatus akajibu ni wa rafiki yake wa Basotu, aliyempa amfuge tu, anywe maziwa.

"Basi si wako, hauzwi. Rafiki yako aje aseme hivyo."

Shamba la Philomena lilibaki kuwa la Philomena. Majembe, nguo na vitanda, alisema, hakuvijia.

"Na kufungwa?" Renatus aliuliza.

"Watu hufungwa kwa kuficha mali, si kwa kushindwa kulipa. Umeficha kitu?"

"Nimejificha mwenyewe tu."

Hapo Restituta alicheka. "Kuna mambo hutafanya, mzee. Hutakopa bila kusema hali yako. Ukipata mali mpya utaniambia, mpaka mahakama itakapokuachilia. Lakini deni ni lako. Si la mke, si la watoto."

Renatus alisogea, akavuka mistari kadhaa ya maharage. "Na kumtoa binti kanisani?"

"Hilo sheria haina habari nalo."

"Kwenye mahari limebaki blanketi la baba. Wakwe watalileta siku ya harusi. Hiyo si mali mpya?"

"Utalilalia?"

"Kwa baridi ya hapa? Nilifanyie nini kingine?"

"Basi ni matandiko. Lala nalo."

Renatus akatoka shambani. Alijifuta kiganja kwenye suruali, mbele na nyuma, akampa mkono. Philomena aliuangalia mkono ule kama mtu anayeangalia mvua ya kwanza, kisha akakimbilia jikoni kuchemsha chai.

Kanisani Renatus alimtoa Hilda mwenyewe, koti la zamani limepigwa pasi. Nyumbani, mkwe wake Bonaventura, baba wa bwana harusi, akamwekea blanketi mabegani mbele ya watu.

"Mkwe, nimesikia ulikuwa unalala na ng'ombe."

"Nao walilalamika."

Jua lilikuwa kali, lakini hakulivua. Alikula nalo, akacheza nalo, jasho likimtiririka. Wageni walipoondoka akaingia nalo kwa mlango wa mbele, akalitandika kitandani.

Asubuhi alikuwa zizini akikamua. Philomena alitoka amejifunga kanga mbili, analalamika kwamba blanketi lote limevutwa upande mmoja.