Magurudumu ya Kinanda na Mchi Wangu

Kinanda kile tuliachiwa na Mzungu wa kiwanda cha pamba, aliyerudi kwao uhuru ulipokuja. Mume wangu, mwalimu wa kwaya, alikipokea kama amepewa ng'ombe. Mimi nilikichukia. Kilimeza nusu ya sebule yetu hapa Uvira, na kwa kuwa magurudumu yake ya shaba yalikuwa yamevunjika, hata kufagia nyuma yake haikuwezekana.

Siku moja akarudi kutoka Luberizi na magurudumu manne ya kigari cha pamba. Akachukua mchi wangu wa kutwangia sombe, majani ya muhogo, akakiinua nao kinanda pembe moja moja, akiweka matofali chini na kukaza skrubu. Nikamwambia watu wanawakimbia waasi kwenda milimani, yeye anavalisha sanduku viatu. Baada ya hapo mchi ukapotea, akasema huenda jirani ameuchukua.

Kisha waasi wakaingia mjini. Mtu aliwaambia kwamba nyuma ya kinanda tumeficha fonii, mtambo wa kupeleka habari kwa jeshi la serikali. Wenye fonii walikuwa wanauawa. Wakaja vijana watatu wenye bunduki, wakamfunga mume wangu mikono.

"Fonii iko wapi?"

"Hakuna. Muangalie nyuma ya kinanda."

Lakini walikuwa wamechanjwa dawa ya vita, yenye miiko mingi, na waliogopa kugusa kitu wasichokijua. Mkubwa wao akanigeukia.

"Weye mama, kokota."

Nilikuwa na mimba kubwa. Kabla ya magurudumu yale, wanaume wanne walishindwa kukisogeza. Nikashika pembe, nikafumba macho, nikavuta. Kikanifuata bila ubishi.

Nyuma palikuwa na vumbi, utando wa buibui, na mchi wangu.

Hasira ikanipanda, nikasahau bunduki.

"Muchi yangu! Minye natafuta mpaka nachoka, na weye unasema jirani njo alibeba!"

Halafu yule mkubwa akacheka, akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Mumufungue," akawaambia wenzake. "Huyu iko na vita yake mu nyumba."

Walipotoka nilikaa chini nikalia, kwa furaha tupu. Mume wangu akasugua mikono yake, akakitazama kinanda kilichosimama katikati ya sebule.

"Nikirudishe?" akauliza.

"Acha," nikamwambia. "Nitakisukuma mwenyewe."