Babu amekufa, mvua imeshuka, na eti hakuna ruhusa ya kupanda

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Nimesoma nyuzi zenu za mambo ya mazishi nikaona niweke na yangu. Sitaongeza chumvi. Kama kuna mtu humu alikuwa kijijini kwetu, upande wa Kendu Bay, miaka ya tisini, yuko huru kunisuta.

Babu yangu alikuwa mkulima. Mahindi, mtama, njugu kidogo.

Na alikuwa msumbufu, jamani! Jogoo hajawika vizuri, yeye anagonga jembe na jiwe nje ya dirisha langu. Ukipanda, anapita nyuma yako anafukua kuangalia kama umeweka mbegu mbili ama umeharakisha ukapumzike. "Mahindi yakikaribiana yatagombana," anakwambia, halafu unarudia laini yote.

Ni yeye na Dani, nyanya yangu, walionilea. Nilimpenda sana huyo mzee. Pia alinichosha sana.

Alikufa kiangazi kikielekea kuisha. Ugonjwa wa kifua. Mahindi ya mbegu alikuwa ameshachagua mwenyewe, yananing'inia jikoni juu ya moshi.

Tukamzika. Watu wakalia, wakahutubu, wakala, wakaenda.

Kisha mvua ikashuka, na hapo ndipo kichwa kilianza kuniuma.

Kwa mila yetu, mbegu haziingii shambani ovyo ovyo. Mwenye boma huanza, wengine hufuata. Mwenye boma amekufa, kwa hivyo wazee wa ukoo wakasema aanze mtoto wake wa kwanza. Huyo ni baba yangu mkubwa. Na baba mkubwa alikuwa amesharudi Muhuru Bay, kule mpakani, anafanya biashara ya omena, wale dagaa wa ziwani.

Simu za mkono hazikuwako, so nikatumwa mimi. Nilikuwa nimemaliza form four, sina kazi, basi mimi ndiye simu.

Nilimkuta ufukweni anageuza omena juani.

"Baba mkubwa, majirani wote wamepanda. Tunakungoja wewe."

Hata hakuniangalia. "Mwambie Mama nakuja wiki ijayo. Na asiguse shamba kabla sijafika."

Wiki ijayo ikafika, yeye hakufika. Nikarudishwa tena. Eti omena imenyeshewa, inabidi ianikwe upya. Wiki ijayo.

Wakuu, hiyo wiki ijayo iko kalenda gani?

Mahindi ya majirani yakachomoza. Sisi tunaangalia magugu. Panya wakapata njia ya kufikia mbegu kule jikoni. Nikimwambia mzee wa ukoo, ananijibu nitulie, mila haina haraka. Yeye kwake alikuwa ameshapanda!

Jumapili moja asubuhi, Wakatoliki wakielekea misa, Dani ambaye ni Msabato akashusha yale mahindi, akayapukuchua kimya kimya kwenye karai. Akachukua jembe.

"Twende," akaniambia.

Habari zikatutangulia. Hatujamaliza laini ya kwanza, mzee wa ukoo huyo, anahema.

"Min Otieno," akamwita Dani kwa jina la mwanawe, "unajua unachofanya? Chira itaingia hii boma. Itakula watoto!"

Chira ni ile laana ya kuvunja mila. Kwetu watu hawaitaji hivi hivi tu.

Dani hakuinuka. "Na njaa, jaduong', mzee wangu, itakula nani?"

Mzee akageuka, akaenda zake. Tukaendelea. Mimi natia mbegu, na kila baada ya hatua kadhaa nageuka kuangalia kama Babu anafukua. Shamba lilikuwa kimya hadi nikatamani mtu anigombeze. Nililia pale, mikono ina matope, siwezi hata kujifuta.

Baba mkubwa alitokea mahindi yakiwa magotini. Amevaa koti, amekunja uso.

"Mama, umenidharau. Umeniruka mbele ya ukoo mzima."

"Wuoda, mwanangu," Dani akasema, "umekuja kupalilia ama kuhutubia?"

Baba mkubwa akavua koti, akaomba jembe. Alipalilia vibaya, akakata mahindi mazuri, Dani akimpigia kelele. Alipofika mwisho wa laini, akakaa chini kwenye udongo na kulia kama mtoto. Mazishini hakuwa ametoa hata chozi.

"Nilikuwa naogopa," akasema. "Nikianza mimi kupanda, basi Baba ameenda kweli."

Dani akakaa karibu naye, akamshika mkono.

Na mimi nilimwonea huruma, naapa. Lakini wakuu, si angesema tu? Mara mbili nimefika Muhuru! Mtu anaficha uchungu wake nyuma ya omena, na boma nzima inakaa na njaa ikimsubiri.

Mvua ilikatika mapema. Tulivuna kidogo, tukanunua mengine sokoni. Hakuna mtoto aliyekufa na chira. Na yule mzee wa ukoo alikuwa wa kwanza kuja kuonja mahindi mabichi, wala hakuuliza nani aliyapanda.

Nilichojifunza: mila sina ugomvi nayo, nimelelewa nayo. Lakini mkifiwa, ulizaneni mapema nani anaumia wapi. Ukimya wa mtu mmoja unaweza kukausha shamba la watu wote.

Kwenu mzee akienda nani huanza kupanda? Na akikataa kuja mnafanyaje? Semeni, nasoma zote. Wale wa kuniambia Dani alikosea pia mje, ila mje mmeshiba.