Mlango wa Papa Deo

Harufu ya mazutu, ndiyo dizeli ya kwetu, ikichanganyika na ya matope mabichi, mpaka leo inanichosha. Sisemi inanihuzunisha. Inanichosha tu, mabega yanashuka yenyewe. Juzi baada ya mvua lori lilikwama mbele ya nyumba yangu, likanguruma mpaka moshi ukaingia jikoni, nami nikajikuta nimekaa chini na mwiko mkononi. Nilikuwa na miaka tisa tena, nimeketi kwenye bati linalofunika tairi kubwa la trekta, na baba yuko pembeni yangu, shingo imepinda.

Tulikaa Kibenga, kusini mwa Bujumbura, kwenye kinjia kinachoteremka kuelekea ziwani. Miaka ile ya vita, milima iliyo juu yetu ilitupa taabu za namna mbili. Bunduki tulizisikiliza tukiwa tumelala sakafuni. Mvua yenyewe ilitufuata mpaka nyumbani, imebeba udongo wa mlimani, na kila iliponyesha sana kinjia chetu kilijaa matope mekundu yaliyonifika magotini. Hakuna aliyekuja kuyaondoa. Wenye kazi hiyo walikuwa na mengine ya kufanya.

Baba alikuwa fundi wa magari. Uani kwake kulikuwa na trekta dogo ambalo mwenyewe, mkulima wa Ruziba, alilileta litengenezwe na hakurudi tena kulichukua. Nyuma lilikuwa na bamba pana la chuma la kukwangulia ardhi. Baba aliliita lamu, kwa Kifaransa chake cha gereji, na nilipofika sekondari, mwalimu alipotaja mji wa Lamu, mimi niliona mji mzima umefungwa nyuma ya trekta ukikwangua matope. Nilicheka peke yangu nikatolewa nje.

Bamba la nyuma lina shida moja: unakwenda mbele huku unatazama nyuma. Ukiacha kulitazama, linachimba shimo au linapita juu juu. Kwa hiyo baba aligeuza shingo, na mimi nikawa macho yake ya mbele.

"Mbele kuna nini, Zai?"

"Apana kitu, baba."

"Na sasa?"

"Jiwe, kushoto."

Nikisema jiwe, baba alisimamisha trekta, akashuka na mtaimbo, akalisukuma mpaka mferejini. Alishuka kila mara, hata kwa jiwe dogo, maana siku moja jiwe kama hilo lilipindisha ekseli ya mbele, akalala siku tatu mgongo chini akiitengeneza.

Jirani yetu wa mwisho wa kinjia alikuwa Papa Deo, mwalimu wa hesabu, mtu wa shati la mikono mirefu hata kwenye joto. Asubuhi moja alipakia mke, watoto na magodoro kwenye kamioneti ili wavuke kwenda Tanzania. Alimshika baba mkono kwa muda mrefu.

"Baba Zaituni," alisema, "munichungie mulango tu."

Ufunguo hakuacha. Baba basi akalichukua neno lile lilivyo, akauchunga mlango. Kila baada ya mvua tulisafisha mbele ya geti letu, kisha tukaendelea mpaka la Papa Deo, tukakwangua mbele yake pakawa safi kama pa watu waliomo ndani. Nilipolalamika, baba aliniambia mara moja tu.

"Matope ikikauka pale, mutu akipita anaona hapa apana mutu. Halafu wanaingia."

Nilimwelewa. Siwezi kujisingizia utoto. Lakini nilikuwa nimechoka na matope, nimechoka kuamshwa, nimechoka na nyumba ya watu ambao mtoto wao mkubwa aliwahi kunivunjia kalamu.

Ukaja mwezi wa Ramadhani, na mvua haikatiki. Mwaka ule ndipo nilipoanza kufunga kwa kweli, si ile saumu ya kitoto ya mpaka saa sita. Mipaka ilikuwa imefungwa, mazutu hayapatikani, na baba alikuwa akiyakusanya kidogo kidogo kwenye dumu. Siku ya kumi na kitu tulisafisha kwetu. Jua lilikuwa limetoka, koo limenikauka, na tabaka la matope mbele ya geti la Papa Deo lilikuwa nene kuliko siku zote.

"Mbele kuna nini, Zai?"

"Mawe," nikasema. "Mingi. Kubwa."

Hakukuwa na hata kokoto.

Baba alisimamisha trekta. Alikaa pale injini ikitetemeka, mikono juu ya usukani, bado ametazama nyuma. Hakushuka. Akasema, "Basi. Turudi."

Nilifurahi mpaka tulipofika nyumbani. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mwalimu wa madrasa alitufundisha kuwa uongo unaharibu saumu. Hofu ikanishika, hofu ya saumu yangu. Ya nyumba wala sikuifikiria. Nikaamua kimya kimya kwamba baada ya Idi nitailipa siku ile, na roho yangu ikatulia.

Jua liliwaka siku nne. Matope yakakauka mbele ya geti la Papa Deo, laini, hayana alama ila nyayo za kuku. Asubuhi ya tano zilikuwa nyayo za watu, nyingi, na geti limelala chini. Walichukua mabati, milango, madirisha, hata sinki. Baba alisimama pale kofia mkononi. Hakuniuliza kuhusu mawe.

Idi ilipita. Kesho yake nilisukuma sahani nikasema nimefunga. Baba naye akasema amefunga. Mama alidhani tumeanza zile siku sita za Shawwal na akatupongeza. Siku iliyofuata sote wawili tulikula, naye akatutania: "Sita yenu imekuwa moja?" Baba alicheka kidogo. Nami nikacheka, nikijua deni langu limekwisha.

Amani iliporudi, Papa Deo alirudi akakuta kuta. Hakulaumu mtu. Alimshukuru baba kwa kuchunga, na baba akatazama pembeni. Mimi nilikuwa msichana mkubwa tayari, na siku ile ndipo nilipofahamu kwamba kufunga siku moja hakukulipa kitu. Niliona haya kiasi cha kushindwa kumsalimia mkewe.

Nilikaa na jambo lile miaka mingi. Mwaka jana, baba akiwa mzee na shingo imekataa kabisa kugeuka, nilikuwa namkanda kwa mafuta ya mawese yaliyopashwa moto, nikamwambia. Nilimwambia hakukuwa na mawe.

"Nilijua," akasema.

Mikono yangu ikasimama.

"Mi kila siku nilikuwa nashuka, Zai. Ile siku sikushuka. Ningeshuka ningeona. Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Nilichoka sana. We ukanipa sababu, nikaichukua."

Nikakumbuka sahani mbili zilizofunikwa kesho yake ya Idi, na mama akitutania.

"Na ile sita yako moja?" nikamwuliza.

"Ilikuwa ya kulipa," akasema. "Na yako?"

Nilikuwa nikiamini siku zote kwamba nilimdanganya mtu mzima asiyechoka. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia, kwa kuniacha nibebe peke yangu kitu ambacho naye alikuwa anakibeba chumba cha pili. Kisha nikatia mafuta mengine mkononi, nikaanza tena kumkanda pale shingo ilipopinda, upande wa nyuma.