Wembe Kooni kwa Shemeji

Kinyozi wetu alikuwa na mkono mwepesi kuliko daktari. Miaka tisa hajamchuna mtu hata chunusi. Kidevu changu ni shahidi, na kina mabonde hicho! Lakini hakuna kizuri kisicho na ila. Ndani ya kopo la poda, chini ya kioo, alificha vidonge vya kifafa. Aliyejua ni mkewe tu, na mkewe aliufunga mdomo hata kwa ndugu zake.

Asubuhi hiyo kopo lilikuwa tupu siku ya tatu. Zahanati walimwambia vimekwisha, arudi Jumatatu.

Akaingia binti wa utafiti na makaratasi yake. Anapima, alisema, watu wanaamini nini kuhusu kifafa. Alitakiwa amuulize kila mtu faraghani, lakini wanaume nyumbani huwapati, kwa kinyozi wamejaa tele. Akavuta kigoda.

Kitini alikuwa shemeji, kaka wa mkewe kinyozi, kidevu juu, povu la sabuni hadi masikioni.

"Swali la kumi. Povu la mwenye kifafa linaambukiza?"

"Tena sana! Ukilikanyaga tu, umekwisha."

"Wewe nawe tulia," wa kwenye benchi wakamcheka, "usije ukakatwa koromeo na ujuaji wako!"

Wembe ulikuwa kooni kweli.

"La kumi na moja. Ungekubali mwenye kifafa aoe katika familia yenu?"

"Amuoe nani, dada yangu? Ningemrudisha nyumbani siku hiyo hiyo, na watoto, na masufuria! Au siyo, shemeji?"

Kinyozi akacheka, kicheko kikavu. Ndipo mdomo ukamjaa ladha ya chuma, kama anayenyonya msumari, na kidole gumba kikaanza kucheza chenyewe. Alikijua kidole kile. Hakijawahi kumdanganya.

Ulibaki mstari mmoja tu chini ya sikio. Angeweza kuumaliza, atoke uani kama aliyebanwa na haja, wasijue kitu. Ndivyo alivyoponea miaka yote. Akautazama mshipa wa shemeji ukidunda. Akautupa wembe ndani ya beseni.

"Shuka kitini, shemeji. Kaa mbali."

"Mbona hujamaliza?"

"Shuka!"

Akakisukuma kiti kitupu pembeni, akalala sakafuni kwa ubavu, taratibu, kama mtu anayeijua njia. Kalamu ya binti ikabaki hewani.

Shemeji, uso safi, mstari mmoja wa povu ungali chini ya sikio, akaitazama midomo ya kinyozi ikianza kutoa povu lake. Akaanza kurudi kinyumenyume hadi mlangoni, kisha akageuka, akashika njia ya kwa dada yake.