"Mwalimu Habishiwi": Neno Lililomkosesha Naima Nafasi Madale

Kumekucha Tandale. Chuma cha vitumbua kiko motoni, na Tabu Mwinjuma anageuza kimoja kimoja kwa kijiti bila kutazama, macho yakiwa kwa wateja. Makuli wa sokoni wamemzunguka, kila mtu na haraka yake.

"Shangazi, vyangu visiungue, kuna gunia la mtu linanisubiri," anasema Gaudens, mwenye sauti kubwa kuliko wote.

"Gunia halina miguu, mwanangu. Litakungoja," Tabu anamjibu, na wenzake wanamcheka.

Pembeni, juu ya ndoo iliyofunikwa, amekaa mwanawe Naima, mwenye miaka sita. Anafunga vitumbua kwenye gazeti kabla ya kwenda shule ya awali.

Tabu ana miaka thelathini na tatu. Ukitoa mchele, nazi na mafuta, siku nzuri inambakishia kama shilingi elfu kumi. Mumewe, Badru, ni saidia fundi, kazi ikipatikana.

"Sie wote wawili tumeishia la saba," anasema Tabu. "Huyu nilitaka afike kule tusikokujua."

Mwaka jana mwalimu wa Naima, Mwalimu Clara, alimwita Tabu. Mtoto alikuwa anajumlisha kichwani hesabu za darasa la pili. Akamweleza kwamba Madale kuna shule ya binafsi yenye darasa la watoto wenye vipaji, na kila mwaka huchukua wachache bure, baada ya usaili.

Tabu akajitosa. Kila jioni vizibo vya soda vilimwagwa mkekani, mama na mtoto wanapanga, wanatoa, wanagawana.

"Nilikuwaga nakaa najionea sare ya kule," anasema. "Sketi ya bluu, soksi mpaka magotini. Mpaka nikaiota."

Asubuhi ya usaili, akimfunga mtandio, akampa neno la mwisho, lile ambalo sisi kina mama wote tunawapa watoto: "Ukifika uamkie. Ukae kwa adabu. Mwalimu habishiwi."

Karatasi Naima aliimaliza mapema, tena vizuri. Kisha akaitwa ndani peke yake. Mwalimu wa pale Madale akamwaga vifungo kumi mezani, akavihesabu kwa sauti, akafika kumi na moja.

"Sawa?"

"Sawa, mwalimu."

Akarudia, akakosea tena, makusudi. Naima akatazama chini, akaitikia sawa.

"Mama, mtoto anajua," mwalimu yule alimwambia Tabu baadaye. "Ila darasa hili linataka mtoto anayesema akiona kosa. Mlete tena mwakani, umri bado utamruhusu. Ikimpita hiyo, basi."

Wakirudi, wakishuka kilima cha shule, Naima akauliza: "Mama, kwani yule mwalimu hajui kuhesabu?"

"Kumbe ulijua kakosea?"

"Vilikuwa kumi."

"Sasa mbona hukumwambia?"

"Si ulisema habishiwi?"

Tabu anasimulia huku kijiti kimesimama mkononi. "Nilikaa chini pale pale, kwenye vumbi. Watu walidhani nimefiwa."

Basi mzazi mwenzangu unayempeleka mtoto usaili, usiishie kwenye kusoma na kuhesabu. Jiulize kwanza: mwanao anaweza kumwambia mtu mzima kwamba amekosea? Nyumbani kwako aliwahi kuruhusiwa? Kama hajawahi, usitegemee ataanzia kule, mbele ya mtu asiyemjua.

Na si jambo rahisi. Mama mkwe wake Tabu aliposikia Naima anafundishwa kukosoa wakubwa, alikuja juu. "Unamfundisha mtoto ubishi? Ataolewa na nani huyo?"

"Asome kwanza, mama. Waoaji hawaishi," Tabu akamjibu, kwa adabu zake zote.

Usaili mwingine ni Novemba. Hivi sasa anamfundisha kubisha kwa heshima: "Samahani, mwalimu, mie naona ni kumi." Peke yao ndani, Naima analisema vizuri kabisa. Mbele za watu, kimya.

Kwa hiyo Tabu ameanza kukosea makusudi. Alhamisi anaiita Jumatano. Jirani akiuliza umri wa mtoto, anasema minne. Kisha anangoja.

"Bado hajanikosoa hata mara moja," anasema, akimtazama binti yake akivaa begi. "Lakini zamani nikikosea alikuwa anatazama chini. Siku hizi ananitazama mie usoni, na mdomo unamchezacheza. Natamani mno kuisikia hiyo samahani yake, wallahi. Hata kama ni mbele ya bibi yake."